Programu za kuchora chipu: niliyowaambia wanafunzi wa uhandisi

Wengi waliniomba niyaandike yale niliyoongea na wanafunzi wa uhandisi wa umeme na kompyuta, haya hapa, nimeyaacha karibu vilevile nilivyoyasema, na maswali machache ya mwisho nimeyaweka pia.

Walimu wangu shikamooni, wadogo zangu habari za mchana. Asanteni kwa kunialika.

Nimekuja na jambo ambalo kwenye habari halisikiki sana. Siku hizi mtu akitaja chipu anataja kiwanda, utasikia TSMC ya Taiwan, mashine za ASML za Uholanzi, nani kamwaga mabilioni mangapi ya dola kujenga wapi. Sawa, hayo ni mambo makubwa. Lakini kabla kiwanda hakijagusa hata kipande cha silikoni kuna watu wamekaa mbele ya kompyuta mwaka mzima, wengine miwili, wanaichora hiyo chipu kwa programu, na hizo programu jamani, zile nzito za kazi kubwa, karibu zote zinatoka kwa kampuni tatu tu, Synopsys, Cadence na Siemens. Tatu, dunia nzima. Mimi kazi yangu ni uhakiki, yaani kutafuta makosa kwenye mchoro wa chipu kabla haujatumwa kiwandani, kwa hiyo hizo programu ndo nashinda nazo kutwa, na ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba kijana wa hapa anayeitaka hii sekta mlango wake uko huku, kwenye programu na kwenye uhakiki, na mlango huo unaanza kufunguka sasa hivi wakati wengi wetu tunasubiri siku kiwanda kitakapojengwa.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili muone tulifikaje kwa kampuni tatu.

Mwaka 1971 Intel walitoa chipu ya 4004, ilikuwa na transista 2,300, yaani vile viswichi vidogo vya umeme, na michoro yake ilikatwa kwa mkono, kwa kisu, kwenye karatasi ya plastiki nyekundu inaitwa Rubylith, alafu inapigwa picha na kupunguzwa hadi ukubwa wa chipu. Mtu anakata mstari kwa mstari. Transista 2,300 unaweza, utaumwa mgongo lakini unaweza. Sasa linganisha na chipu ya NVIDIA ya Blackwell iliyotangazwa 2024, ina transista bilioni 208, hapo hata ukiwapa kisu watu wote wa Afrika Mashariki hawamalizi. Katikati ya hizo namba mbili ndo historia ya programu zetu ilipo.

Mwaka 1973 pale Berkeley, California, mwanafunzi Laurence Nagel akiwa chini ya profesa Donald Pederson walitoa programu ya SPICE, unaielezea saketi yako na yenyewe inakuambia volti na mkondo vitakuwaje kabla hujachoma kitu. Na naomba hili mlishike, SPICE ilitolewa bure kwa watu, ilitoka chuo kikuu ikasambaa duniani, hadi leo kuna toleo lake huria linaitwa ngspice ambalo unalishusha usiku huu ukitaka. Kwa hiyo hii sekta inayoonekana imefungwa kwa makufuli ya leseni, mzizi wake ni kazi ya wanafunzi iliyogawiwa bure.

Alafu ikaja miaka ya 80. Mentor Graphics, nayo ya programu hizihizi, ikaanzishwa Oregon, Marekani, 1981. Mwaka 1986 Aart de Geus na wenzake wakatoka General Electric kule North Carolina wakaanzisha kampuni ambayo ndo Synopsys ya leo, na wao walileta kitu kilichobadilisha kazi nzima, sentesisi. Yaani badala ya kuchora geti moja moja, vile visaketi vidogo vya mantiki vinavyounda chipu, unaandika tabia ya saketi kwa maneno, kwa lugha kama Verilog au VHDL, unasema hapa nataka kaunta, hapa nataka kujumlisha, alafu programu yenyewe inageuza hayo maandishi kuwa geti. Mwaka 1988 kampuni mbili, SDA na ECAD, zikaungana zikawa Cadence. Siku hizo kulikuwa na vikampuni vingi sana, kila kimoja na kiprogramu chake, wakubwa wakawa wanavinunua kimoja baada ya kingine hadi tukabaki na hao watatu, na Mentor yenyewe ikanunuliwa na Siemens wa Ujerumani mwaka 2017 kwa dola bilioni 4.5.

Na kununuana hakujaisha. Mwezi Julai 2025 Synopsys walikamilisha kuinunua Ansys, biashara ya kama dola bilioni 35. Ansys hawachori chipu, wao wanapiga hesabu za joto, mtetemo, sumaku, mambo ya fizikia, sasa kwa nini kampuni ya chipu itoe hela yote hiyo? Kwa sababu chipu kubwa za sasa si kipande kimoja tena. Hiyo Blackwell niliyoitaja ni vipande viwili vya silikoni vilivyounganishwa vifanye kazi kama kimoja, na ukishapanga vipande pembeni kwa pembeni na memori zimepandiana juu, joto la huyu linamsumbua yule, bodi inapinda kidogo, waya unanyonya umeme kuliko ulivyotegemea, na mhandisi wa saketi ambaye zamani mambo ya joto aliwaachia watu wengine sasa anatakiwa ayajue mwanzoni kabisa mwa kazi. Wale mliosoma thermodainamiki mkajiuliza mtaitumia wapi, ndo huku.

Sasa niingie kwenye changamoto ninayoifahamu kwa ndani, uhakiki, na hapa mniruhusu nikae muda mrefu kidogo.

Ukiandika programu ya simu ikawa na kosa unatuma sasisho, watu wanabonyeza, yameisha. Chipu ukishaituma kiwandani inarudi baada ya miezi, kwa teknolojia za juu maski, yaani vile vibao vyenye mchoro vya kuchapia chipu, peke yake ni mamilioni ya dola, na kosa likiwa ndani limo, huwezi kulifuta kwa wembe. Mnaujua mkasa wa Pentium, chipu ya Intel? Mwaka 1994 profesa mmoja wa hisabati wa Lynchburg College, Virginia, Thomas Nicely, alikuwa anafanya utafiti wake wa namba tasa, akaona majibu hayakubaliani. Kumbe kwenye jedwali ambalo chipu inalitumia kugawanya, baadhi ya namba hazikuwekwa. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu sahihi ni 1.33382, ile Pentium inakupa 1.33374. Tofauti ndogo hivo, na mahesabu mengi tu yalikuwa yanatoka sawa, lakini iliwagharimu Intel dola milioni 475. Tangu hapo sekta ikaanza kuuheshimu sana uhakiki wa kihisabati, yaani unathibitisha kwa hoja kwamba saketi haiwezi kukosea badala ya kuijaribu tu.

Kwa nini kuijaribu tu hakutoshi? Chukua kisaketi cha kujumlisha namba mbili za biti 32. Tena hicho ni kidogo sana. Ukitaka kujaribu kila jozi ya namba, na ukajaribu bilioni moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 580. Kisaketi kimoja cha kujumlisha. Sasa weka prosesa nzima.

Ngoja niwaonyeshe kosa lenyewe linavyofanana maana watu wanadhani ni vitu vya ajabu sana. Foleni ya data, nafasi 16. Kuna kaunta inayohesabu vitu vilivyomo. Kikiingia kitu ongeza moja, kikitoka punguza moja, kikiingia na kutoka kwa pamoja usibadilishe kitu. Safi kabisa, ukiisoma hivo huoni tatizo. Aliyeandika anajaribu kuijaza, inajaa. Anaitoa yote, inaisha. Anaingiza na kutoa kwa pamoja katikati, sawa. Anafurahi. Lakini je, foleni ikiwa imejaa, zote 16, na kwa mpigo huohuo wa saa mmoja anataka kuingiza na mwingine anataka kutoa? Anayeingiza anakataliwa kwa sababu pamejaa, anayetoa anatoa, ndani vimebaki 15, ila kaunta imeona maombi mawili yamekuja pamoja ikasema usibadilishe, ikabaki 16. Kuanzia hapo kaunta inadanganya. Foleni ikija kuisha kabisa yenyewe inadai bado kimebaki kimoja, prosesa inasoma data ya zamani kana kwamba ni mpya, na hilo linaweza kutokea maili nyingi kutoka pale kosa lilipo, baada ya mipigo milioni kadhaa ya saa, na wewe unatafuta. Kazi yangu ni hiyo. Ni kukaa na kuwaza ni hali gani mwenzangu hakuiwaza, kutengeneza majaribio ya kubahatisha yanayosukuma saketi kwenye kona, yaani hali za nadra, kuweka walinzi kwenye msimbo wanaopiga kelele pale kitu kinapovunja sheria, alafu kupima ni kona zipi bado hatujazipita. Naipenda kazi hii kwa kweli, siwafichi.

Na hali yake ikoje saa hizi? Kuna utafiti unafanywa kila baada ya miaka miwili kwa ajili ya Siemens, wanawauliza wahandisi duniani je, chipu yenu ilitoka sawa mara ya kwanza bila kurudiwa. Mwaka 2022 waliosema ndiyo walikuwa asilimia 24. Mwaka 2024 wakashuka hadi asilimia 14. Kumi na nne! Maana yake miradi zaidi ya minane kwa kila kumi inarudia kiwandani, pamoja na mabilioni yote na programu zote hizo. Chipu zinakua haraka kuliko uwezo wetu wa kuzihakiki, huo ndo ukweli, na wahandisi wa uhakiki wanatumia karibu nusu ya muda wao kufukuzia kosa lilipo. Kwa hiyo mtu akikuambia kazi za chipu zimejaa, muulize kazi ipi.

Najua mnasubiri niseme kuhusu akili mnemba. Ipo, na inafanya kazi. Synopsys walitoa DSO.ai mwaka 2020, Cadence wakaja na Cerebrus 2021, hizi zinafanya ile kazi ya kujaribu mipangilio mingi ya programu hadi upate chipu ndogo zaidi au inayokula umeme kidogo, kazi ambayo mhandisi alikuwa anaifanya kwa wiki nyingi kwa kubahatisha bahatisha. Google nao 2021 walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba mfumo wao unapanga vipande vya chipu vizuri sawa na binadamu au kuliko binadamu, na wanautumia kwenye chipu zao za akili mnemba zinazoitwa TPU. Lakini watafiti wengine, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California San Diego, walijaribu kurudia matokeo wakasema mbinu za zamani zinashindana nayo vizuri tu au hata kuishinda, Google wakabisha, mjadala ukawa mkali kweli. Mimi msimamo wangu ni huu, pale ambapo jibu linaweza kupimwa kwa namba, eneo, umeme, kasi, mashine itatusaidia sana na nafurahi itusaidie. Kwenye uhakiki inaweza kukuandikia jaribio ndani ya sekunde, ila swali la kwamba hii chipu ilitakiwa ifanye nini hasa, na ni hali gani hakuna aliyeiandika popote, hapo bado anahitajika mtu anayeielewa saketi. Atakayetegemea mashine imfikirie, hilo kosa la foleni litampita.

Kuna jambo la siasa pia na siwezi kuliruka, maana linatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwishoni mwa Mei 2025 serikali ya Marekani iliwaandikia barua hizi kampuni za programu, wasiuze tena China bila kibali. Mwanzoni mwa Julai ikaondoa hilo zuio. Ni wiki kama tano tu, lakini fikiria uko Shanghai, mradi umefika katikati, programu unayoitegemea inaendeshwa kwa leseni, na mtu aliyeko Washington ameamua usipate msaada wala sasisho. Huawei walishayaonja hayo tangu 2019, ndo maana mwaka 2023 walitangaza kwamba wao na wenzao wa ndani wametengeneza programu zao za kuchora chipu za nanomita 14 kwenda juu (hicho ni kipimo cha teknolojia, namba ikipungua ndo teknolojia mpya zaidi). Na upande wa wauzaji nao sheria inauma, Julai hiyohiyo ya 2025 Cadence walikubali kosa na kulipa zaidi ya dola milioni 140 kwa mauzo yaliyofika kwenye chuo cha kijeshi cha China. Sisi hatumo kwenye huo ugomvi, ila nchi ambayo haina hata watu wanaojua zana hizi zinafanyaje kazi ndani yake, siku ikiguswa haitakuwa na pa kuanzia.

Sasa tufike nyumbani. Kenya mnajua pale Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna Semiconductor Technologies Limited, kampuni ya kutengeneza chipu, na 2024 shirika la Marekani la USTDA lilitoa hela za upembuzi yakinifu wa kuipanua. Napongeza sana. Ila kiwanda kimoja kinahitaji umeme usiokatika, maji safi mno, na hela ambazo nchi chache wanazo, na hata kikisimama kitachapa michoro ya nani? India wanalielewa hili. Wahindi wana wahandisi wengi mno wa uchoraji na uhakiki wa chipu na walianza kuwa nao miaka mingi kabla ya viwanda vikubwa, na sasa serikali yao kupitia kituo cha C-DAC pale Bengaluru inanunua leseni kwa pamoja, alafu vyuo na kampuni changa kwa mamia wanazitumia kwa mtandao. Nawaomba walimu wangu mliopo hapa, na nawaomba kwa moyo wote, hili lipelekeni juu. Chuo kimoja kimoja kikijadiliana bei na hizi kampuni tutaumia, maana bei zao hazibandikwi ukutani, kila mteja na bei yake. Vyuo vya Dar, Nairobi, Kampala na Kigali vikienda pamoja na seva moja ya leseni ni mazungumzo mengine kabisa.

Na wakati tunawasubiri wakubwa waongee, wewe mwanafunzi huna cha kusubiri. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walifungua PDK ya nanomita 130. PDK ni kile kifurushi cha sheria za kiwanda, waya uwe mpana kiasi gani, transista inafanana vipi, na kawaida hukioni mpaka usaini mikataba ya siri. Wao wakakiweka wazi kwa kila mtu. IHP wa Ujerumani nao wana PDK yao huria. OpenROAD, iliyoanzishwa 2018 kwa hela za DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, ikiongozwa na profesa Andrew Kahng, inakupangia na kukuunganishia chipu bure, Yosys ya Claire Wolf inakufanyia sentesisi, Verilator inakufanyia simulesheni, yaani inaiendesha saketi yako kwenye kompyuta, kwa kasi nzuri sana. Kuna mradi wa Tiny Tapeout, wanakusanya vichoro vidogo vya watu wengi, kila mmoja kama geti elfu moja, wanaviweka kwenye chipu moja mnachangia gharama, na unaletewa chipu yako mkononi. Safari haikuwa laini, Efabless iliyokuwa inasimamia uchapaji ilifunga mapema 2025 na watu wakabaki na michoro iliyokwama, lakini mradi ukatafuta njia nyingine ukaendelea. Nanomita 130 ni teknolojia ya zamani, sawa, ila kosa la foleni niliyowaelezea ni lilelile kwenye nanomita 130 na kwenye nanomita 3.

Maswali yalikuwa mengi, naweka matatu.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza kama kampuni za nje zitamwamini mtu aliyejifunzia programu huria wakati wao wanatumia za kulipia. Nilimjibu hivi mdogo wangu, vitufe utajifunza ndani ya mwezi, kila kampuni mpya utakayoenda utajifunza vitufe vipya. Kwenye usaili watakuuliza utaihakiki vipi foleni, ukianza kuwatajia ile hali ya kujaa huku mmoja anaingiza na mwingine anatoa, hawatauliza ulitumia programu gani.

Kaka mmoja akauliza kuhusu laptopu, kwamba ya kwake ina RAM ya giga 8 tu. Inatosha kuanzia. Verilator na Yosys zitaenda bila shida kwa saketi ndogo, weka Linux, kupanga chipu nzima ndo kutakubana na hapo omba kompyuta ya maabara.

Wa mwisho akauliza aanze na nini hasa wiki hii, asiambiwe mambo ya jumla. Nikamwambia shusha PicoRV32, ni prosesa ndogo inayofuata RISC-V, lugha huria ya maelekezo ya prosesa, nayo ni huru kabisa, ipo kwenye faili moja la Verilog. Isome yote hata kama mara ya kwanza utaelewa nusu. Iendeshe kwa Verilator, alafu andika majaribio yako mwenyewe kwa Python ukitumia cocotb, zana huria ya kujaribia saketi, anza na maelekezo ya kujumlisha na kutoa, baadae uwaze ni kona gani wenzako hawajaipita. Ukishaizoea nenda kwenye Ibex, prosesa ya shirika la lowRISC, ile ni kubwa zaidi na wana orodha ya kasoro iliyo wazi, unaona kila kosa lilivyopatikana na lilivyorekebishwa, na ukipata jipya unawaandikia, wanajibu. Akaniuliza je nikikwama? Nikampa namba yangu, na wengine waliokuwepo wakaja kuichukua.